Kidonge na Kikombe cha Maziwa

Maretadu nzima wananijua. Shule niliishia darasa la nne, nikaanza na jembe la mkono, na leo nina lori na ng'ombe wa kisasa wanaojaza ndoo. Lakini asubuhi ile nilimwita mke wangu, hakuitika. Mkono wake ulikuwa wa baridi. Alifumbua macho taratibu, uso umevimba, akanitazama kama mtu asiyenijua.

"Mkwe, mtoto wangu karogwa," mama yake akasema mlangoni. "Nipe nikamtibu kwetu Balangdalalu."

"Mama, nakuheshimu, lakini huyu anakwenda hospitali."

Kabla ya hapo alishafanyiwa upasuaji wa rovu, wakaitoa tezi yote ya shingoni. Akapewa vidonge vya kumeza siku zote za maisha yake. Kazi ya kumpa sikumwachia mtu: kila asubuhi kidonge kiganjani, kikombe mkononi. Na bado alizidi kuzama. Sauti ikakwaruza, choo kikawa kigumu, akawa anasinzia huku anachambua maharage. Dozi ikaongezwa. Akazama tu.

Lori nililiendesha mwenyewe kwenye tope ambalo madereva wengi hulikimbia. Mama mkwe alimpakata, akimpiga makofi madogo shavuni, akimsemesha Kiiraqw asilale. Nilisikiliza pumzi yake kuliko injini. Ilikuja, ikakaa, nikadhani basi, ikaja tena.

Daktari alikuwa binti wa Pwani. Alinipa shikamoo, akachukua damu, akarudi amekunja uso.

"Mzee, vidonge hamezi huyu. Homoni ya tezi kwenye damu karibu haipo."

"Anameza."

"Labda anavitupa ukigeuka."

"Daktari, nampa kwa mkono huu! Wewe unaniita mwongo?"

"Punguza hasira, mzee. Nataka awe hai."

Nikamwambia nyumbani kwangu chumvi ni ya pakiti, yenye madini joto. Ile ya kuokota ziwani nilishaipiga marufuku. Sasa ugonjwa unatoka wapi?

"Kukosa madini joto ni sababu moja tu," alisema, huku nesi akimfunika mgonjwa mablanketi. "Wengine kinga ya mwili wao inaigeukia tezi na kuishambulia. Wapo watoto wanaozaliwa tezi haifanyi kazi, au haipo kabisa. Wachache, tezi ni nzima ila ubongo hauiamrishi. Mkeo yeye imetolewa. Hana homoni ya kwake, anaishi kwa hicho kidonge." Akanigeukia. "Anakimeza na nini?"

"Na maziwa. Ya ng'ombe wangu mwenyewe, kikombe kimejaa."

Kwetu dawa haimezwi kwa maji matupu. Dawa ni kali, bila maziwa inaunguza tumbo, na mwenye ng'ombe akimpa mgonjwa wake maji, majirani watamsema mpaka sokoni.

"Na dozi ilipoongezwa?"

"Nikaongeza na maziwa."

Mama mkwe akaitikia kwa kichwa: ndivyo inavyotakiwa. Daktari hakucheka.

"Maziwa yanakikamata kidonge tumboni, mwili haukipati. Ni maji tu, mzee. Tumbo tupu, halafu asile wala kunywa chai mpaka ipite nusu saa, hata zaidi. Maziwa yangoje mpaka zipite saa nne."

"Atapona?"

"Amefika amechelewa. Tunajitahidi."

Wakampitishia dawa kwa mpira wa puani. Mama mkwe hakutaja Balangdalalu tena. Alikaa chini akishika vidole vya mwanawe, mimi nimesimama. Nimesimamia mnada wa ng'ombe, nimesimamia mafundi wa nyumba yangu ya bati, lakini pale sikuwa na cha kusimamia. Kila nesi aliyepita nilimtazama usoni kabla hajafika kitandani.

Siku zikapita hivyo, hafi wala haamki vizuri. Mchana mmoja, wakati wa kuona wagonjwa, nilikuwa namweleza mzee mmoja aliyemleta bintiye kitanda cha pili jinsi nilivyolivusha lori kwenye lile tope.

"Baba," sauti ya mke wangu ikakwaruza nyuma yangu, "unapiga kelele. Watu wanaumwa."

Mama mkwe akaanza kulia. Mimi nikavuta kigoda karibu na kitanda, nikangoja anigombeze tena.