Mashine Iliyosindikizwa Mwaloni

Mashine ilikuwa na matundu matano mbele. Nikayahesabu tena: matano. Nyaya zilizokuja nayo zilikuwa nne, na hapo ndipo kichwa kilipoanza kuniuma. Muuzaji alisema inafanya kazi tatu: inachomelea kwa fimbo kama mashine yangu ya zamani, inachomelea kwa waya mwembamba unaojitoa wenyewe, na ile ya tatu aliipita haraka, nikajua na yeye haijui.

Niliitaka kwa ajili ya ule waya. Mama mmoja mwenye mtumbwi wa dagaa, Ujiji, alitaka fremu ya kuning'inizia taa, ya mabomba membamba, na bomba jembamba ukiligusa kwa fimbo linatoboka kama chujio. Mwezi ukiwaka dagaa hawaji kwenye taa, mitumbwi inakaa ufukweni, na matengenezo yote hufanywa siku hizo. Zilikuwa zimebaki tatu.

"Mbalamwezi ikiisha fremu haipo, fundi, kazi nampa yule wa mjini," alisema. "Na wenzangu hapa wananifuata mimi."

Hilo halikuwa tishio la kupuuza. Nilikuwa nimeshaihesabu mitumbwi ya wenzake: kumi na minne.

Fremu ilitakiwa ichomelewe pale pale mtumbwini, kwa hiyo mashine ndiyo imfuate mteja. Nikaunda toroli: chuma cha pembe, rafu mbili, na kiti cha mtungi wa gesi, ambao sikuwa nao, ila kwenye picha ya kwanza ya kitabu cha maelekezo ya mashine ulikuwepo. Nilichomelea kwa fimbo, maana huko nilikuwa najielewa. Magurudumu yalitoka kwenye viti vya ofisini. Nilipatana mpaka nikapewa sita, manne ya kufunga na mawili ya akiba. Kwenye sakafu ya karakana yangu Buzebazeba toroli lilikimbia lenyewe.

Waya nao nikaujaribu. Ukarusha cheche kama mafuta ya moto yaliyoingiwa na maji, ukaacha vidonge vidonge kama mavi ya mbuzi.

"Labda inataka gesi," alisema shemeji yangu, kaka wa mke wangu.

"Kwenye boksi la waya wamechora mtungi wakaukata kwa mstari mwekundu."

"Sasa mtungi wa kwenye kitabu wa nini?"

Nikasema ni umeme mdogo.

Asubuhi ya siku ya mwisho pikapu ikatushusha mimi na shemeji juu ya mwalo wa mitumbwi. Toroli likaingia mchangani hatua moja, likazama mpaka rafu ya chini. Magurudumu ya akiba nilikuwa nayo mfukoni, yote mawili, hayakunisaidia kitu. Tukapitisha mabomba mawili chini yake, tukaita wabeba mizigo wawili, tukaliinua mabegani sisi wanne. Mashine nilikuwa nimeifunika shuka la kijani, mchanga usiingie.

Wanaume waliokuwa wakishona nyavu wakasimama. Mzee mmoja akasema, "Inna lillahi," akaja kumpokea shemeji begani kama inavyopasa. Nyuma yake akaja mwingine, akaja na mwingine. Nilitaka kuwaeleza, lakini mzigo ulikuwa mzito kweli. Tulipofika mtumbwini nikahesabu watu tisa. Nikarudia, kumi na mmoja.

Mama mwenye mtumbwi alikuwa ameshika kichwa. "Nani huyo jamani?"

"Mashine, mama."

Yule mzee akauliza: "Mashine ndiyo imefariki?"

"Bado, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Haya, tuone inavyopumua."

Hakuna aliyeondoka. Tukavuta umeme kibanda cha soda, nikavaa kinyago, nikabonyeza. Cheche zikaruka mpaka wakarudi nyuma wote kumi na mmoja. Kwenye bomba, mavi ya mbuzi.

"Na umeme wa hapa nao ni mdogo?" shemeji akaniuliza kwa sauti ambayo haikuwa ya chini.

Mama akachukua kitabu, akafunua kurasa moja moja.

"Fundi, mtungi wako uko wapi?"

"Hii haitaki mtungi."

"Basi umefuata picha ya watu wengine. Hii hapa haina mtungi. Na hizi nyaya mbili zimebadilishana, ya jumlisha imekaa kwenye kutoa."

Nikaangalia picha, nikaangalia mashine, nikaangalia tena picha. Nikazichomoa, nikazibadilisha. Cheche zikatulia, waya ukalala juu ya bomba kama mshono wa cherehani. Nilihisi nimefanyiwa kiinimacho mchana kweupe.

Viungo vilikuwa kumi na viwili. Nilipomaliza, mama akaidandia fremu kwa mikono miwili, miguu ikaning'inia, na si mama mwembamba. Fremu haikulia. Akashuka, akaagiza taa ziletwe.

Mwenye mtumbwi wa pili akanivuta pembeni. "Kwani nyaya zikibadilishana inatulia kwa nini?"

"Mambo ya kiufundi hayo," nikamwambia, nikiomba Mungu asiulize zaidi.

Akaitikia kwa kichwa kama aliyeelewa. "Basi mbalamwezi ijayo uanze na mimi."