Watoto wa Karatasi Nyekundu

Gundi ya unga wa ngano ikichacha inanuka vibaya, na kila nikiisikia narudi sebuleni kwetu Mpanda, kwenye mkeka uliojaa vipande vya karatasi nyekundu. Nilikuwa na miaka kumi, na kwa mkasi, nisijisifu bure, hapakuwa na wa kunigusa.

Aliyetufundisha alikuwa mpishi wa kambi ya Wachina waliokuwa wakijenga barabara. Alituambia tumwite Mama Mei. Tukamwita hivyo mwaka mzima na, jamani, hakuna hata mmoja aliyemuuliza huyo Mei yuko wapi. Alimfundisha mama yangu na wenzake wanne kukata maua, ndege na samaki, kama bibi zake walivyokata kwao. Wakaunda kikundi. Mapambo yao yakanunuliwa kwa ajili ya harusi mpaka Ikola, na mama, ambaye baba alishamkimbia, akaweza kuezeka nyumba kwa bati.

Dirishani kwa Mama Mei palikuwa na karatasi moja ambayo hakutaka kutufundisha: watoto watano wameshikana mikono. "Hii si ya kuuza," alisema, akaishia hapo. Mimi nilidhani anatubania. Siku nilipompelekea mayai nilisimama pale dirishani, nikaisoma mikunjo yake kwa macho, nikaenda kuikata nyumbani. Mama alifurahi mpaka akanikumbatia. Kikundi kizima kikaikata, ikauzika kuliko maua yote.

Jumamosi moja Mama Mei alikuja sokoni na kapu lake. Zile karatasi za watoto zilikuwa zimening'inia kwenye kamba yetu, na nyingine madirishani kwa wenye maduka. Nilijificha nyuma ya mama nikingoja matusi. Hakutukana. Alishika ile kamba, akasema kwa Kiswahili chake cha kuunga:

"Mei alikufa. Kwetu, mama anakata hii, anabandika dirisha lake moja tu. Roho ya mtoto inaona, inarudi kwa mama. Sasa madirisha yote sawa. Atajuaje langu ni lipi?"

"Tusamehe, dada yangu," mama akasema. "Tutazitoa."

Lakini zilishauzwa kotekote. Kambi ikahama na barabara, naye akaenda nayo. Mimi nikashukuru kimoyomoyo kwamba sikuchapwa.

Mwaka juzi nilimzika binti yangu wa kwanza, kule kijijini Kasekese. Kwa wiki nzima nililala mlango ukiwa wazi, mume wangu akinibembeleza niufunge. Ndipo nikamwelewa yule mama. Pale sokoni hakuwa na hasira, alikuwa anaogopa, na aliyempotezea mtoto njia ni mimi.

Kikundi sasa nakiongoza mimi. Maua tunauza, lakini wale watoto hapana, hata mteja aje na pesa mkononi. Na nikiona ile ya zamani imepaukia dirishani kwa mtu, naomba niibandue. Wengine wanasema nimerukwa na akili. Naibandua taratibu, na kabla ya kuikunja namnong'oneza Mei, "Si hapa, mwanangu. Endelea mbele."