Dympna McCullagh na Dizeli Nyekundu Makaburini

Wengine wakisimulia habari za Dympna McCullagh huanza na ukali wake. Mimi naanza na mikono yake, maana nilikaa naye dawati moja shule ya msingi, na hiyo shule ndiyo iliyokuwa mwisho wa masomo yetu sote wawili. Mikono ile ilikuwa mikubwa kuliko ya kaka zake. Mumewe Barney alipofariki akamwachia katapila la kuchimbia na watoto wadogo, wanaume wa Altbrack, kijiji chetu, walikuja kutaka kulinunua. Akawapa chai, akawapa mkate na siagi, kisha akatoka, akapanda kitini, akawasha mtambo na kuanza kuzibua mtaro wa mbele ya nyumba wakiwa bado wanatafuna. Hawakurudi kuuliza bei.

Watoto wale walikula na kusoma kwa mitaro. Hakuna shamba upande wetu huu wa milima ya Tyrone ambalo Dympna hakulitoa maji.

Katapila lake lilikunywa dizeli nyekundu, kama matrekta yote ya hapa. Serikali huipunguzia kodi kwa ajili ya wakulima, na kuitia rangi ili ijulikane. Zamani hata wajenzi waliitumia. Kisha sheria ikabadilika. Kulima, kukata majani, kuzibua mtaro wa shamba, ruhusa. Kuchimba msingi wa nyumba, kubeba kokoto, hapana, huko ni dizeli nyeupe ya kodi kamili. Na tangi lililozoea nyekundu halibadilishwi kwa kumimina nyeupe juu yake. Rangi hubaki kwenye mipira ya mafuta na kwenye chujio, na watu wa forodha, ambao hukagua mafuta barabarani, wakichovya tangini wataiona tu.

Dympna aliifuata sheria hiyo kwa kiburi chake chote. Malachy O'Kane alipotaka achimbiwe msingi wa karakana, alimkatalia pale nje ya kanisa, watu wakisikia.

"Tangi langu ni jekundu, Malachy. Tafuta mwingine."

"Nani atajua, Dympna?"

"Mimi."

Ndipo akafa Felix Conway, jirani yetu. Kwetu kaburi huchimbwa na majirani, bure, na kumwita mchimbaji wa kulipwa ni kutangaza kwamba marehemu hakuwa na mtu. Lakini majirani wenyewe sasa ndio sisi wazee, magoti yanalia, na upande wa akina Conway makaburini ni mwamba mtupu. Kwa hiyo asubuhi ya mazishi Dympna aliingia na katapila kwa lango la chini, sisi tukisimama na machepe kwa ajili ya kumalizia.

"Mzamishe vizuri!" akapiga kelele Packie, nduguye Felix, ambaye kwa desturi, akiwa mfiwa, hakutakiwa hata kushika chepe. "Asije akachipua tena kiangazi!"

"Nyamaza, wewe ndiye unayefuata," Dympna akamjibu kutoka juu.

Tulikuwa tunacheka bado gari la forodha liliposimama langoni. Walikuwa wakichovya matangi ya matrekta kwenye barabara ya mnadani, wakaliona katapila likichomoza juu ya ukuta wa makaburi. Akashuka kijana mmoja, Nesbitt jina lake, mpole wa sura.

"Habari za asubuhi, mama. Hii ni kazi ya shamba?"

"Unaona viazi hapa?"

Akaingiza mpira wake kwenye tangi, akavuta, chupa ikawa nyekundu kama maji ya bitiruti. Akaitazama, akalitazama shimo, akatutazama sisi wazee na machepe yetu. Akashusha sauti.

"Sikiliza, mama. Labda ulikuwa unapita kwenda shamba lile nyuma ya ukuta, wakakuomba msaada kidogo. Labda hukujua kwamba makaburini haihesabiwi kilimo. Ukiniambia hivyo tu, nakuonya, naenda zangu. Vinginevyo lazima nilichukue katapila."

Nilimfinya mkono Dympna, aliyekuwa ameshuka kumsikiliza. "Sema hukujua, mwenzangu. Basi."

Alijua anachopoteza. Katapila lile ndilo lililokuwa riziki yake, na mvua za vuli zilikuwa zinakuja. Alifuta mikono kwenye sketi.

"Nilijua," akasema. "Nilisikia redioni sheria ilipobadilika, na nimeifuata kuliko wewe unavyoifuata. Leo nimeivunja kwa sababu Felix amekufa na tangi halisafishwi usiku mmoja. Andika hivyo. Usitake nijifanye kikongwe asiyejua kitu ili wewe ulale vizuri."

"Mama, nakusaidia."

"Sikuomba. Ngoja nitoe mkono wa mtambo kaburini mwa mtu, kisha chukua."

Akaunyanyua taratibu bila kuangusha udongo, akarudi nyuma, akazima, akaweka ufunguo kwenye kiganja cha kijana. Kisha akachukua mtaimbo uliokuwa umeegemea ukuta.

"Haya, mnatazama nini? Kanisani wanaanza saa tano."

Tulichimba. Mwamba ulitoa cheche. Mimi mwenyewe nilibeba mawe kwa aproni. Lori la kubebea mitambo lilipofika kwenye kichochoro, jeneza nalo lilikuwa linateremka kutoka kanisani. Dympna akaenda kusimama mbele ya lori, matope hadi mapajani, mikono kiunoni.

"Felix kwanza."

Dereva akamtazama Nesbitt. Nesbitt akavua kofia, akamwashiria arudi nyuma, lori likarudi kinyumenyume hadi njia panda.

Katapila walikaa nalo vuli nzima. Dympna alizibua mitaro kwa chepe, akalipa faini, na barua ya kuomba radhi waliyomshauri aandike hakuiandika. Liliporudi alibadilisha mipira yote na chujio, akasafisha tangi, na tangu hapo anatia nyeupe peke yake, hata kwenye mashamba ambako nyekundu ni halali yake.

Nikamwambia, "Wewe una wazimu. Unajitoza kodi usiyodaiwa."

"Kwenye mtaro kodi itaniuma, najua," akasema. "Lakini akifa mtu hapa kesho, naingia makaburini mchana kweupe, na sitamwomba mtu ruhusa."

Baada ya Mwaka Mpya alikufa Packie. Dympna aliingia makaburini na katapila kwa lango kubwa, akipiga honi.