Manispaa ilizika makopo yetu Temeke, kisha ikaja kutuagiza makopo

Wakuu, hamjambo humu ndani. Wakubwa zangu shikamooni, kama mpo, ingawa nadhani mkubwa kuliko wote humu ni mie.

Nimeona mnavyotukanana juu ya hela ambazo serikali inaweka kwenye taka na hiyo recycling. Huyu anasema zimeliwa, yule anasema zimefanya kazi.

Mie takwimu sina. Nina jambo moja tu lililonikuta enzi za Mwingereza, nikiwa bi harusi ambaye hata mwaka sijamaliza, hapa hapa Temeke. Mpaka leo sijalielewa vizuri. Nitasema niliyoyaona kwa macho yangu, na pale nisipojua nitasema sijui.

Naandika kwa kidole kimoja, mnivumilie.

Mume wangu, Mungu amrehemu, aliitwa Shomari. Alikuwa fundi bati. Tulipanga chumba kimoja chenye uwanja wa nyuma, na huo uwanja ndio ulikuwa karakana yetu.

Bati jipya kutoka dukani sie hatukulijua.

Asubuhi Shomari anapanda baiskeli, anakwenda jalalani, kule lori la manispaa lilikokuwa linamwaga taka za Uzunguni. Wazungu walikula vya kopo sana. Anarudi na gunia: makopo ya maziwa, ya siagi, ya biskuti. Anayapasua, anayanyoosha kwa nyundo, analehemu. Hapo inatoka koroboi, inatoka kata ya kuchotea maji, inatoka faneli ya kumiminia mafuta ya taa.

Kazi yangu mie kuyasugua kwa mchanga na majivu mpaka harufu ya maziwa yaliyoganda iishe. Wakati huo nina mimba changa. Harufu ile naikumbuka hadi leo.

Nyie mnaiita recycling. Sie tuliiita kazi.

Niseme kitu hapa pembeni. Lori hilo la taka kwetu lilikuwa haliji. Maganda ya mihogo, majivu, mifupa ya samaki, kila mtu alijua mwenyewe pa kutupa. Majirani walishapeleka malalamiko kwa jumbe mara nyingi tu. Jibu likawa lori ni moja na njia yetu ni mbovu.

Sasa ikaingia masika.

Siku hiyo nasugua makopo uani, nasikia hodi. Akaingia Bwana Afya, kijana wa bara, kaptura imenyooshwa, karatasi mkononi. Jina lake Elia. Nyuma yake vibarua wawili.

Akaliendea rundo letu la makopo, akainama, akaokota moja lililojaa maji ya mvua. Akanionyesha.

"Unaona hivi vinavyocheza?"

"Naviona."

"Ni viluwiluwi. Kesho keshokutwa ni mbu. Hapa mnafuga mbu, mama."

Shomari akatoka ndani. "Bwana, haya ni makopo ya kazi. Niachie leo nitayamwaga maji yote."

"Karatasi inasema makopo yaondolewe. Yakibaki, nitakupeleka kortini."

Basi, yakabebwa yote. Na mnajua yalibebwa na nini? Lori. Lile lile lisiloweza kupita njia yetu! Lilipita vizuri kabisa. Nilisimama mlangoni nalitazama, mikono imejaa majivu. Maganda ya mihogo ya jirani yalikuwa palepale pembeni ya njia. Hawakuyagusa.

Walikuwa wamechimba shimo kubwa kuelekea bondeni, wakawa wanafukia humo makopo ya Temeke nzima. Na jalalani wakaweka mlinzi, mtu asiokote tena.

Wiki ya kwanza Shomari alikaa ananoa mkasi wa bati ambao hauna cha kukata. Wiki ya pili tukaanza kula mlo mmoja.

Wiki ya tatu akarudi jioni, miguu imejaa udongo mwekundu mpaka magotini.

"Nimepata kibarua," akasema.

"Wapi?"

"Shimoni. Nafukia makopo."

Wakuu, sikujua nicheke au nilie. Manispaa ileile iliyotunyima kazi ya makopo sasa inamlipa mume wangu kuyafukia. Usiku ule alikula, akalala.

Subirini, bado.

Haukupita mwezi, akaja mgeni mwingine. Huyu karani, mzee kidogo, mtu wa hapahapa pwani, kavaa koti na joto lote lile. Akasema anatoka manispaa. Nikajua ndiyo ile korti.

Kumbe hapana.

"Namtafuta fundi Shomari. Tumeambiwa ndiye fundi bati mzuri Temeke. Tunataka makopo ya kumwagia mafuta kwenye madimbwi, yawe na mdomo wa matundu matundu. Tunayataka mengi na kwa haraka."

Shomari akamtazama. "Mafuta ya nini?"

"Ya kuua viluwiluwi."

Mume wangu akakaa chini. Hakukaa kwenye kigoda, alikaa chini kabisa kwenye mchanga.

"Bwana Karani, mikono ninayo. Bati sina."

"Bati lako liko wapi?"

"Mmelizika."

Karani alidhani anafanyiwa masihara. Tukamweleza kisa chote, tukamwelekeza hadi shimo lilipo. Alisikiliza kwa adabu, akavua kofia, akajipangusa jasho.

"Hayo mimi siyajui," akasema. "Hiyo ni idara ya taka. Mimi niko upande wa mafuta."

"Si manispaa hiyohiyo?"

"Ni hiyohiyo. Lakini fungu la taka ni lingine na fungu la mafuta ni lingine. Mimi nina fungu la kununua bati. La kufukua sina."

Nilimwomba arudie, nikidhani sijasikia vizuri. Akarudia vilevile, neno kwa neno. Na alikuwa mtu mwema, sikuona hila usoni pake.

Basi likanunuliwa bati jipya kutoka duka moja la Uhindini, shiti kwa shiti, likaletwa kwetu limefungwa kamba. Linang'aa mpaka unajiona uso. Shomari alilizunguka siku nzima anaogopa kulikata. Hakuwahi kukata bati ambalo halijawahi kuwa kitu kingine.

Mwisho akalikata. Tukala vizuri mwezi ule, siwezi kusema uongo. Lakini kazi ikaisha, bati likaisha, tukarudi palepale, na mimba yangu sasa imekuwa kubwa.

Jumapili moja mchana, hodi tena. Bwana Elia. Safari hii peke yake, kavaa nguo za kanisani.

Shomari akaniambia kwa sauti ya chini, "Huyu anataka nini tena? Hapa hamna hata mfuniko."

Alitaka koroboi ya kwake nyumbani. Dukani taa ni ghali, na kila alikouliza Temeke anaambiwa koroboi zimeadimika.

Hapo mie nikashindwa kujizuia. Sikuwa na ujasiri wowote, ni kuchanganyikiwa tu.

"Shikamoo Bwana Afya."

"Marahaba."

"Nina swali. Kopo likifudikizwa, mdomo chini, matako juu, linashika maji?"

"Halishiki," akasema.

"Sasa kwa nini mliyazika?"

Akakaa kwenye kigoda. Nikajuta kuuliza.

"Karatasi ilisema yaondolewe. Haikusema yafudikizwe."

"Aliyeiandika alishafika huku?"

"Dada yangu, mimi mwenyewe sijawahi kumwona."

Wakuu, miezi yote ile nilikuwa namchukia yule kijana kwa moyo wangu wote. Nilikuwa namwombea mabaya. Siku ile nikaona na yeye hajui, kama sie tusivyojua.

Kabla ya kuondoka alimwambia Shomari aendelee na makopo, ila kila moja lifudikizwe, na yapangwe chini ya upenu. Yeye atapita kukagua. "Mkiulizwa, semeni Bwana Afya ndiye aliyeagiza." Sijui kama aliruhusiwa kusema hivyo. Na mlinzi wa jalala naye akawa hamwoni tena Shomari akipita na gunia. Nani alimwambia asimwone, sijui.

Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa baba yake ana kazi.

Baadaye Elia akahamishwa, akaja Bwana Afya mwingine, mtu mkali. Akayakuta makopo yetu yamepangwa safu safu, matako juu. Akauliza nani kaamuru. Shomari akasema Bwana Afya. Akaandika kwenye kitabu chake, akaondoka.

Muda si mrefu amri ikapita nyumba hadi nyumba Temeke: kila kopo, kila debe, kila chungu kisicho na kazi kifudikizwe.

Siku moja yule Bwana Afya mkali akaniona naoshea vyombo kwenye kopo la siagi, limesimama wima uani. Akanipa onyo mbele ya majirani, kwamba sifuati agizo la serikali.

Nikamwambia nisamehe Bwana, sitarudia. Nikalifudikiza, maji yote yakaniloanisha miguu.

Niliyojifunza ni machache. Hela ilikuwepo, ya lori, ya shimo, ya vibarua, ya bati. Sikumwona mwizi hata mmoja. Niliona watu wa nyumba moja wasiosemeshana, na hakuna aliyeuliza mwenye kopo. Sasa mnapobishana imetumika ngapi, ulizeni pia nani aliongea na nani kabla haijatumika.

Pengine sikuelewa mie, nilisoma madarasa manne tu. Mwenye kunielewesha lile la mafungu mawili anieleweshe, nitasoma comment zote, taratibu. Na nyie wa Tegeta, Kibamba na Pugu, kwenu lori linapita?