Hodi ya Koleo

Mtaa mzima ulimwita Koleo, na jina hilo hakulipata kwa kupendwa. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa fundi wa shirika la umeme, upande wa kukata na kurudisha, na watu wakamkumbuka kwa nusu ya kwanza ya kazi yake tu. Akikata, alisemwa mpaka kwenye foleni ya maji. Akirudisha, waliishukuru bahati yao. Asante ya punda ni mateke, na fundi wa umeme anayajua mateke hayo kuliko mwenye punda.

Mwenyewe alikuwa mtu mpole, mfupi, mwenye mikono mipana na suruali yenye mifuko mingi kuliko vitu vya kutia ndani yake. Nyumbani hakuweza kukata hata shingo ya kuku. Kazi hiyo alimwachia mkewe, yeye akatoka nje kujifanya anaangalia hali ya hewa.

Lakini alikuwa na kasoro moja, na hadithi yetu yote inaning'inia hapo. Mtu mwenye adabu akifika mlangoni kwa mwenzake hupiga hodi. Koleo hakupiga hodi. Siku yake ya kwanza kazini msimamizi alimwambia, "Wewe si mgeni. Mgeni hukaribishwa, wewe ukisubiri kukaribishwa utasubiri mpaka ustaafu. Gonga, sema 'Umeme!', fanya kazi yako, ondoka." Kijana akalishika neno. Baadaye sauti ikanenepa, ikapata na mkia: "Umemeee!" Ikisikika tu, redio zilinyamaza, pasi zilichomolewa zikiwa moto, watoto waliambiwa waseme mama hayupo, na mama mwenyewe yuko nyuma ya mlango kabana pumzi. Basi katika miaka ishirini na sita hakuna mlango wa mtaa ule uliowahi kumwambia karibu.

Ukimuuliza kama jambo hilo lilimuuma, angekujibu kwamba kazi ni kazi. Usimwamini. Lilimuuma sana.

Kisha akaanguka kutoka kwenye ngazi, goti likakataa kupanda nguzo tena. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja kabla ya kustaafu, na shirika likamtafutia kazi ya kukaa chini. Wakampa sanduku kubwa la kijani lenye vipimo kumi vya kuchomeka ukutani, balbu za aina tatu, nyaya, na dinamo ndogo ya kuzungusha kwa mkono. Kila Jumatano aende shule ya msingi ya hapo mtaani, kwenye klabu ya sayansi ya darasa la sita, awafundishe watoto umeme unatoka wapi na unapotea wapi.

Aliona ameadhibiwa. Aende akafundishe watoto yeye, ambaye watoto wakimwona hukimbilia ndani? Siku ya kwanza alisimama mbele ya darasa jasho likimtoka, akasahau hotuba yote aliyoandikiwa, akaishia kumpa msichana wa mbele dinamo na kumwambia, "Zungusha." Msichana akazungusha. Balbu ikawaka. "Nimewasha mimi!" akapiga kelele, na hakukubali kuitoa ile dinamo mpaka mkono ulipomuuma na wenzake wakaanza kumvuta sketi. Koleo alimtazama usoni. Miaka yote ile alikuwa anaondoka kabla ya kuona taa inawaka kwenye uso wa mtu. Kuanzia siku hiyo Jumatano haikufika haraka vya kutosha, na mkewe alianza kumtania kwamba ameoa mke wa pili anayekaa sandukuni.

Tatizo ni kwamba sanduku lilikuwa la kuazima. Meneja wa shirika alikuwa ameweka sharti: kabla ya siku ya maonyesho ya sayansi, watoto wapime nyumba ishirini za mtaa wao, waonyeshe kipi kinakula umeme kwa fujo na watu wafanye nini kuupunguza. Zikitimia ishirini, sanduku linakuwa mali ya shule na Koleo anaendelea na klabu mpaka siku yake ya mwisho kazini. Zisipotimia, sanduku linakwenda shule nyingine iliyokuwa ikiliomba muda mrefu, na Koleo anakwenda stoo kuhesabu vikombe vya kauri vya kufungia nyaya kwenye nguzo.

"Nyumba ishirini ni kitu gani?" akasema Koleo. "Mtaa mmoja tu."

Jumamosi ya kwanza akawaongoza watoto, yeye mbele na sanduku, wao nyuma na madaftari. Akafika mlango wa kwanza, akagonga, na mdomo ukafanya ulichozoea kufanya.

"Umemeee!"

Hebu niambie, ungefungua wewe? Milango sita ilikaa kimya. Mitano ilifunguka kidogo, watu wakakubali vipimo kwa heshima kubwa mno, na watoto walipovirudia kesho yake vilikuwa vinasoma karibu na sifuri. Nyumba yenye friji, televisheni na simu nne za kuchaji ilionekana kula umeme kidogo kuliko saa ya mkononi. Mwalimu wa sayansi, dada mmoja mwembamba asiyecheka ovyo, aliziangalia hesabu hizo, akaweka kalamu mezani.

"Mzee wangu," akasema, "kwa vipimo hivi, mtaa huu bado haujaletewa umeme."

"Wamezima kila kitu."

"Wamekuogopa. Hii si sayansi, hii ni hofu. Kwa nini hupigi hodi kama watu wengine?"

Jioni ile Koleo alisimama mbele ya kioo cha mkewe akajizoeza. Hodi. Hodiii. Hodi jamani. Mkewe alipita na ndoo akamwuliza kama amepotea. Siku iliyofuata akaijaribu mtaani, lakini sauti ni ile ile na kila mtu anaijua. "Hodi gani hiyo?" mtu akasema kutoka dirishani. "Ina koleo ndani." Mlango haukufunguka.

Zilibaki wiki mbili. Mwalimu akasema kama mtaa haufunguki, watoto waanzie nyumba ambayo mwenyewe hawezi kukataa, yaani kwa Koleo. Akakubali bila wasiwasi. Nyumbani kwa mtaalamu, utakuta nini?

Jumapili alasiri alikuwa amejinyoosha kwenye kochi, usingizi unamchukua na kumrudisha. Mkewe alikuwa jikoni anapiga pasi, redio inaimba. Watoto wakafika mlangoni, wakapeana macho, na mmoja wao, simtaji kwa sababu sote tulikuwa watoto, akahesabu kimyakimya mpaka tatu.

"UMEMEEE!"

Koleo aliruka kochini, mkono kifuani, asijue yuko wapi. Jikoni redio ilizimwa. Friji ikachomolewa. Mkewe akapita na pasi ya moto ameishika mbali na mwili, akaisukuma chini ya meza, akajibana nyuma ya mlango, akamnong'oneza, "Sema sipo!"

"Mke wangu," akasema Koleo, "lakini umeme ni mimi."

Mama yule akamtazama. Akatazama pasi chini ya meza. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa sakafuni, na watoto nje wakacheka, na Koleo peke yake ndiye hakucheka. Alikuwa bado ameshika kifua. Hakujua kwamba ndani ya mlango neno lile linasikika hivyo.

"Miaka yote hii," akamwuliza mkewe, "na wewe pia?"

"Mie mwanadamu, baba. Hiyo sauti nikiisikia hata kwa majirani, nachomoa pasi kwanza."

Mambo hayakuishia hapo. Friji ya Koleo ilikuwa ya zamani, mlango wake umefungwa kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, na yeye aliipenda kwa sababu ilikuwa haijamharibikia hata siku moja. Watoto wakaweka kipimo, wakarudi kesho yake. Friji peke yake ilikula zaidi ya taa, redio, televisheni na pasi kwa pamoja. Msichana wa dinamo akafanya jaribio ambalo Koleo mwenyewe alilifundisha: akafungia karatasi kwenye mlango wa friji ili aivute aone kama mpira unabana. Hakuwahi kuivuta. Karatasi ilianguka yenyewe.

"Mzee," akasema kwa huruma, "friji yako inapoza jiko lote."

Mganga hajigangi. Habari ilifika mwisho wa mtaa kabla watoto hawajafunga madaftari: Koleo analiwa na friji yake! Mkewe hana habari ya kuficha siri tamu namna hiyo. Alisimulia na lile la pasi chini ya meza, akiongeza chumvi kidogo kila nyumba. Mtu mwingine angejifungia ndani. Koleo alifanya jambo ambalo mimi nisingekuwa na moyo wa kulifanya. Aliandika vipimo vya nyumba yake kwenye karatasi kubwa, akaibandika kwenye geti la shule, na juu yake akaandika kwa maandishi ya bluu: HII NI YA KOLEO. YAKO JE?

Basi hapo mtaa ukafunguka. Watu walitaka kujua kama friji zao ni mbaya kuliko ya Koleo, na kila aliyegundua si mbaya alitembea kwa maringo wiki nzima. Watoto waliingia na karatasi zao na vipimo vyao. Wakamwonyesha kinyozi kwamba hita yake ya maji inawaka mchana kutwa bila mtu wa kuitumia, wakambadilishia bibi mmoja balbu ya kizamani aliyokuwa akiitumia kupashia mikono joto. Koleo akawa anabaki getini, kwa hiari yake, asiwatie watu mchecheto. Waliingia watoto. Nyumba tano za mwanzo zilipimwa upya, safari hii na vitu vikiwa vimewashwa. Kufika Alhamisi zilitimia kumi na tisa, na maonyesho yalikuwa Jumatatu.

Mtaa una nyumba ishirini na mbili. Mbili zilikuwa zimefungwa, wenyewe wamesafiri. Ikabaki moja, ya mama fundi cherehani.

Mwenye kovu usidhani kapoa. Mama huyu Koleo alimkatia umeme mara tatu, na mara ya tatu alikuwa katikati ya gauni la harusi. Alilimalizia kwa kuzungusha gurudumu la cherehani kwa mkono, siku mbili mfululizo, na harusi ikafanyika, na tangu hapo akikutana na Koleo njiani humtazama kama mtu anavyotazama nguzo. Mwalimu alipomtuma msichana wa dinamo kwenda kumwomba, mama alimpa kiti na kitambaa cha kuchezea, akamjibu kwa upole, "Nyinyi nawapenda. Lakini aje mwenyewe."

Ijumaa asubuhi Koleo akaenda. Watoto walibaki nyuma yake kwenye uzio, wameshika kipimo cha mwisho kama yai. Ndani cherehani ilikuwa inakwenda.

"Hodi," akasema Koleo. Cherehani ikaendelea.

"Hodi." Cherehani ikasimama.

Kichwani neno la zamani lilimjia, lile linalofungua milango kwa nguvu, akalirudisha. "Hodi, mama."

Na adabu ni hiyo: hodi tatu zisipoitikiwa, mtu huondoka. Watoto wakatazamana. Koleo akageuka nusu, kisha akarudi akausemesha ule mlango, kwa sauti ndogo ambayo mtaa haukuwahi kuisikia.

"Mama, nilikuja hapa mara tatu bila hodi. Leo nimeleta hodi zote tatu. Ile ya gauni najua haitoshi."

Ndani kitu kama mkasi kikasikika kikiwekwa mezani.

"Hizo tatu nimezipokea," sauti ikasema kutoka ndani. "Ni za zile siku. Ya leo iko wapi?"

Koleo akausogelea mlango.

"Hodi," akasema.

"Karibu, baba. Karibu ndani. Vua viatu, nimepiga deki."

Watoto walishampita na kipimo chao, wameshaulizia soketi iko wapi. Koleo aliinama mlangoni kufungua kamba za viatu, na zikamchukua muda mrefu kuliko siku zote, kwa sababu hazikuonekana vizuri.