Ndoto ya Kaka Yangu na Dumu Linalovuja

Kilichoninyima usingizi ni swali moja: mtu akikujia ndotoni, amekuja yeye mwenyewe, au umemtengeneza wewe? Cheka ukitaka. Nina shahada ya saikolojia niliyoipata chuoni Mbarara, na swali hilo lilinizungusha kitandani kama mgonjwa wa malaria. Ninachokusimulia hakikumtokea rafiki wa jirani wa shangazi. Kilinitokea mimi, jua likiwa bado liko, nikiwa nimeshiba na sina homa. Alama yake iko juu ya mkono wangu wa kushoto, na ukija Nakivale, kambi ya wakimbizi tunakoishi, nitakuonyesha.

Nianze na kaka yangu mkubwa. Sisi ni Wakongo wa Kivu ya Kusini, na mkubwa wako kwetu unamwita yaya, kwa hiyo kwangu alikuwa yaya Byamungu. Siku tuliyokimbia alirudi nyuma kumchukua bibi. Bibi alitufikia baadaye kwa njia nyingine. Yaya hakufika. Tukaja Nakivale, tukapewa kiwanja, tukalima mahindi, nikasoma, nikakua. Miaka yote hiyo mama hakumlilia na wala hakumtafuta. Ofisi ya kutafuta ndugu waliopotea iko Base Camp, katikati ya kambi, ni kutembea tu kutoka kwetu, lakini mama akifika pale alikuwa anavuka barabara ili asipite mbele ya mlango wake. Nadhani aliogopa kujibiwa.

Kisha dada yangu Neema akajifungua mtoto wa kiume, na mama akabadilika ghafla. Akasema imetosha. Jumamosi ya wiki inayofuata tutakaa kilio cha Byamungu, tutakiondoa siku hiyohiyo, na jina lake atapewa mtoto. Katika ukoo wetu, jina likishatolewa mbele ya watu waliokaa kilio, mambo yamekwisha. Mwenyewe hata akirudi, atakuta nafasi yake ina mtu. Ndiyo maana hakuna anayefanya hivyo bila kuwa na hakika. Mama hakuwa na hakika. Alikuwa amechoka.

Usiku uleule ndoto ikaanza. Namwona yaya amekaa kwenye kigoda, amenipa mgongo, anaziba dumu la maji lililopasuka, kazi aliyokuwa akiifanya kule nyumbani sokoni: unapasha kisu moto, unayeyusha kipande cha plastiki, unakandika juu ya ufa. Bila kugeuka ananiambia, "Shika hapa." Nanyoosha mkono, naona lile tone la plastiki linaning'inia, naogopa, nakimbia. Basi. Kesho yake hivyohivyo. Na keshokutwa.

Mtu mwingine angesali na kulala tena. Mimi nilianza kuchambua. Kwa nini hageuki? Kwa nini dumu, si beseni? Maji ni nini, ufa ni nini, na mbona nakimbia? Niamini, ndani ya hofu ile kulikuwa na furaha fulani. Nilikuwa nimesoma ndoto za watu wengine vitabuni hadi macho yakauma, na sasa nilikuwa na ya kwangu, inayorudi kila usiku kama tamthilia ya redioni. Nikaamua nitaipima kwa mizani zote mbili, ya kule nilikosoma na ya kule nilikokulia.

Nilianza na mama Konsolata. Ni Mrundi, anauza ndimu soko la Base Camp, Jumapili anaimba kwaya kanisani, na siku nyingine, ukimwendea kimyakimya nyuma ya nyumba yake, anaagua. Anarusha mbegu kwenye ungo na kuzisoma. Aliponiona mlangoni alicheka mpaka akajishika kiuno.

"Weye si ndiye una diplome ya vichwa vya watu?" akasema. "Sasa mbona unaniletea cha kwako?"

Nikamweleza. Akarusha mbegu, akazitazama, akazirusha tena. Akauliza dumu lilikuwa la rangi gani, ufa ulikuwa juu au chini, nani mwingine alikuwepo na hakusema neno. Nilisisimka, kwa sababu hayo ndiyo maswali tuliyofundishwa kuuliza! Mwisho akasema marehemu anataka kitu chake kisimwagike bure. Jina ndilo maji, mtoto ndiye dumu. Mpeni jina, atapumzika.

Siku mbili baadaye nikapanda gari kwenda Mbarara, nikamtembelea mwalimu wangu wa zamani nyumbani kwake Kakiika, ambako anafuga ng'ombe wachache na kusahihisha mitihani akiwasikiliza wanavyotafuna. Yeye hakurusha mbegu. Aliniambia nifumbe macho niisimulie ndoto nikiwa kila kitu kilichomo, kimoja baada ya kingine. Nikawa kisu. Nikawa kigoda. Nilipofika kwenye "mimi ni dumu, nimepasuka, navuja," nililia mbele ya ng'ombe wa watu. Mwalimu akasema kwa upole kwamba ndoto haikutoka mbali. Imetoka ndani yangu, kwenye huzuni ambayo familia haikuipa siku yake. Kilio cha Jumamosi, alisema, ndicho dawa yenyewe.

Unaona? Ungo na darasa, jibu moja! Nilitoka Kakiika nikitembea kama mtu aliyefaulu mtihani mara ya pili. Magari ya Nakivale yalikuwa yameisha, nikaamua kulala Nyamitanga kwa Kyomugisha, rafiki yangu wa chuo ambaye ni muuguzi. Nikavuka daraja la mto Rwizi kwa miguu, nikaanza kupanda kilima, na kichwani nilikuwa tayari naandika makala ndefu kuhusu waaguzi na wanasaikolojia.

Hapo mvua ikaanguka, jua likiwa bado linawaka. Nikakimbilia kwenye baraza ya duka lililofungwa. Mtu mmoja alikuwa amekaa pale kwenye kigoda, amenipa mgongo. Mbele yake palikuwa na sigiri yenye makaa, kisu kimewekwa juu yake, na katikati ya magoti yake, dumu la manjano.

Nilijiambia, tulia, wangapi Mbarara wanaziba madumu? Wengi. Lakini ndipo nikasikia, kwa Kiswahili cha kwetu kabisa, kile cha Kivu, ambacho nakisikia Nakivale tu, si mjini:

"Shika hapa."

Ungefanya nini wewe? Mimi nilishika. Sijui kwa nini safari hii sikukimbia. Labda kwa sababu ya mvua. Nikachuchumaa, nikashika mdomo wa ule ufa, na tone la plastiki likadondoka juu ya mkono wangu. Uchungu wake ulikuwa wa kweli, si wa ndotoni. Sikuachia.

"Leo umeshika," sauti ikasema. "Siku zote unakimbiaka. Ule mutoto mumupatie jina ingine. Hii jina iko na mwenyewe."

Nikapiga kelele jina la kaka yangu. Yule mtu akageuka. Alikuwa mzee wa makamo mwenye ndevu chache nyeupe kidevuni, sura ambayo sikuwahi kuiona popote, na alikuwa amenikodolea macho kwa hofu kubwa kuliko yangu.

"Nyabo," akasema, yaani bibie, kwa kile Kiswahili cha kubahatisha cha watu wa hapa, "wewe iko nasema na nani?"

Nikamwambia ni yeye aliyesema. Akatikisa kichwa, akasogeza kigoda chake nyuma.

"Mimi iko kimya. Wewe ndio nasema."

Sikungoja mvua iishe. Kyomugisha alinipaka dawa kwenye lengelenge, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwamba wengine husomea udaktari ili wasiumwe, lakini mimi nimesomea wazimu ili niugue kitaalamu. Tulicheka wote wawili. Hata hivyo asubuhi akanishika mkono tukarudi wote kwenye lile duka. Nilitarajia nini? Baraza tupu, bila shaka, na majirani waseme mtu huyo alikufa zamani. Hapana. Alikuwepo, anakunywa chai. Kyomugisha akazungumza naye Kinyankore, lugha ya hapa, kwa muda mrefu, na nikaona uso wa rafiki yangu unabadilika kidogo kidogo. Aliponitafsiria hakuwa anacheka tena. Mzee anasema nilikuja, nikachuchumaa bila kuitwa, nikashika dumu lake, nikaanza kusema maneno asiyoyajua. Na anasema, hili alirudia mara mbili akijigusa koo, sauti niliyosema nayo ilikuwa ya mwanamume.

Sasa fikiria akili yangu mimi, ambayo hata kuchagua sabuni inachukua nusu saa. Kama sauti ilitoka kinywani mwangu, basi ni mimi niliyejiambia. Lakini kama ni mimi, kwa nini niseme kinyume na nilichotoka kukubali kwa furaha Kakiika? Na kuuliza yule mtu, kama ni yeye, alijuaje habari za mtoto hakusaidii kitu, kwani mkimbizi gani hana ndugu aliyepotea na kichanga nyumbani? Nilimpigia mwalimu simu. Akasema huzuni inaweza kumfanya mtu aseme asijisikie, naye alishawahi kukutana na jambo kama hilo, ingawa si kwa sauti ya mtu mwingine. Akaniuliza nina hakika gani kwamba mzee hajui Kiswahili chetu.

Niliporudi Nakivale nilipitia kwa mama Konsolata kabla ya kufika nyumbani. Alikuwa anapanga ndimu. Nilimsimulia palepale, bila ungo, nikamuuliza imekuwaje mbegu zake zikasema marehemu anataka jina litolewe.

"Mbegu hazikusema marehemu," akajibu, hata bila kuinua macho. "Weye ndiye uliingia kwangu ukasema marehemu yaya yangu. Miye nikaagua ya marehemu."

Nikasimama katikati ya soko kama niliyemwagiwa maji baridi. Kakiika je? Nilikumbuka nilivyoanza: mwalimu, nimemwota marehemu kaka yangu. Wote wawili niliwapa jibu kwanza, kisha nikawaomba walifafanue. Walifanya kazi yao vizuri kwa kile nilichowapa. Ni yule wa barazani tu, hata awe nani, aliyesema bila kupewa kitu. Na kama ni mimi, basi kuna mahali ndani yangu pasipowahi kukubali kwamba yaya amekufa.

Jumamosi ikafika. Turubai limefungwa, mabenchi ya kanisa yameletwa, mama amevaa nguo nyeusi, Neema amempakata mtoto. Kabla mama hajasimama nilisimama mimi. Nikasema jina la yaya lisitolewe leo, kwa sababu hakuna hata mmoja wetu anayejua habari zake, na hatujauliza.

Mzee mmoja akasema kutoka nyuma, "Ndiyo vile balikufundisha kule Mbarara? Kuota na kutangaza?" Watu wakacheka. Mama hakucheka. Alinitazama kana kwamba nimemvua nguo mbele za watu. Ndipo Neema, ambaye hasemi sana, akainuka, akanitia mtoto mikononi, akasema mwanawe ataitwa jina la baba wa mume wake, na wenye njaa wakae, chakula kipo. Watu wakala. Mtoto ana jina zuri la babu yake, lakini kwa kisa hiki kizima mtaa wote unamwita Bidoni, yaani dumu kwa Kiswahili cha kwetu.

Ndoto haijarudi. Badala yake nina tabia mpya: nalala na simu inarekodi, nijue kama nasema kitu usiku kwa sauti isiyo yangu. Mpaka sasa nimerekodi panya na mvua. Kovu lipo, limekuwa laini na linang'aa, na likipata joto huwasha. Nawe unayesoma, nakuonya kwa moyo wote: ukiota, ipeleke ndoto kwa unayemwamini, awe na ungo au awe na vitabu, lakini ipeleke ikiwa tupu. Usimwambie aliye ndani yake yu hai au amekufa. Ukishamwambia, atakurudishia maneno yako mwenyewe, nawe utaweza kumzika mtu kwa furaha kubwa.

Mama hakusema nami hadi Jumatatu. Asubuhi nilimkuta mlangoni amevaa kitenge chake kizuri, ana picha ya yaya ndani ya mfuko wa plastiki. Hakuniambia tunakwenda wapi. Tulitembea hadi Base Camp na safari hii hakuvuka barabara. Kijana wa ofisini aliipokea picha, akaiangalia, akasema ni ya zamani, huyu bado ni mtoto wa shule. Akaomba mama amweleze atakavyokuwa sasa.

Mama akafikiri. Akasema sasa atakuwa amepanuka mabega. Ndevu atakuwa nazo, ila si nyingi, upande wa baba yake hazioti vizuri. Halafu akacheka, kicheko ambacho sikuwahi kukisikia tangu tuvuke mpaka.

"Na andika ana kitambi, mwanangu," akamwambia. "Baba yake alikipata mapema."