Matusi ya Maman Zawadi

Nikisikia harufu ya sambaza zinazokaangwa, hata leo, hugeuza njia. Msinicheke. Sambaza ni vile visamaki vya ziwa letu, na Bukavu nzima inavila kwa furaha. Mimi vinanikumbusha siku niliyodhani baba yangu atauawa mbele ya macho yangu.

Papa alikuwa beki wa kulipwa, wa wale wanaobeba begi mara nyingi kuliko kombe. Alianzia hapa, akaenda Uvira, Bujumbura, Kalemie, akarudi, akaenda tena. Alipenda kusema kwamba mguu wa mchezaji hauna kwao, unakula pale unapocheza. Nilipokuwa na miaka minane alichukuliwa na timu ya Goma, na Jumapili moja Goma wakaja kucheza na timu ya mji wetu.

Sikuwa nimemwona mwaka mzima. Alikuwa mjini tangu jana yake, mwendo wa dakika ishirini tu, ila hakuruhusiwa kulala nyumbani: kocha aliamini kwamba mchezaji akilala kwao atauza mechi. Nililia mpaka Mama, aliyekuwa na kichanga mgongoni, akanikabidhi kwa jirani yetu Maman Zawadi, muuza sambaza na shabiki asiyekosa mechi, anipeleke uwanjani.

"Kule usimuite papa," Mama aliniambia. "Hata kama anakuangalia. Unasikia?"

Hapo ndipo woga wangu ulipoanza. Kwa nini mtu asimwite baba yake?

Wachezaji wa Goma hawakupita mlangoni mwa uwanja, eti pamezikwa dawa ya kuwaroga. Waliruka ukuta. Kwa hiyo kitu cha kwanza nilichokiona cha baba yangu baada ya mwaka mzima kilikuwa mguu wake wa kushoto, ukitafuta pa kukanyaga. Nilicheka. Watu walipomtambua na kuanza kumzomea, kicheko kiliniishia. Maman Zawadi alizomea pia, mkono wake umenishika kiuno.

Dakika za mwisho, bado bila bao, ikapigwa kona, na Papa, ambaye kufunga kwake kulikuwa kwa nadra kama harusi, akaruka akafunga kwa kichwa. Hakushangilia. Aliinua mikono miwili kuomba msamaha. Mara mawe na chupa zikaanza kuruka.

Nililia kwa sauti. Mwanamume aliyekuwa nyuma yetu akainama.

"Uyu mutoto ni wa nani?"

"Ni wangu," Maman Zawadi akajibu. "Analia juu ya bao wametufunga."

Akanifunika kwa kikwembe chake, kitenge kinachonuka sambaza, akanibana kifuani, akaanza.

"Musaliti weye! Ulikula sambaza yangu ya bure, leo unatutapikia! Rudia kwa volkano yako ya Goma!"

Hakuna aliyetukana kama yeye. Mle gizani nilisikia mawe yakigonga mabati na moyo wake ukidunda sikioni mwangu. Niliona ni hasira. Nilidhani Papa amekwisha kufa, na mwanamke huyu anafurahi.

Hakufa. Alishonwa nyuzi nne kwenye paji la uso, akapanda boti kurudi Goma bila kutuona.

Kwa miaka mingi sikumwamkia Maman Zawadi ila kwa kulazimishwa. Magoti yalipomshinda Papa akarudi nyumbani moja kwa moja, nilikasirika kuona ananunua sambaza kwake tu na kumwita dada. Nilinyamaza mpaka siku tulipomzika Maman Zawadi, mwaka juzi. Papa alilia sana. Nikashindwa kuvumilia, nikamuuliza kama amesahau yale matusi.

Alinitazama kwa mshangao.

"Mama yako alinitumia habari kama uko naye," alisema. "Mawe ilipoanza, sikukuona. Lakini sauti yake nilisikia. Nikajua, kama ule mama angali ananitukana, mutoto wangu iko muzima."

Ndipo nilipoukumbuka ule moyo uliodunda sikioni mwangu. Haikuwa hasira. Alikuwa anaogopa kama mimi, na mimi sikuwahi hata kumwamkia vizuri.